Panya amechelewa kuzeeka, au amechelewa kufa tu?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia jambo moja, nalo ndilo kazi yangu ya kila siku: kuhesabu vifo vya wanyama wa maabara na kujaribu kusoma uzee ndani ya hesabu hizo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake ana vita ya kupigana na mkubwa wake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kwenye maabara yetu tuliwapa panya dawa fulani tangu walipokomaa, na waliopewa wameishi kwa wastani miezi mitatu zaidi ya wenzao. Msimamizi wangu anataka kichwa cha makala yetu kiseme kwamba dawa "inapunguza kasi ya kuzeeka". Moyo wangu unasita, lakini sina hoja. Je, kuishi zaidi si ndiko kuzeeka polepole?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moyo wako umesita mahali pake. Kuishi zaidi na kuzeeka polepole ni ndugu, lakini si pacha.

Wastani wa umri ni namba moja iliyobeba mambo mawili. Kuna hatari ya kufa ambayo mnyama anaanza nayo utu uzima wake, halafu kuna kasi ambayo hatari hiyo inapanda kadiri anavyokula siku. Sisi watu wa takwimu tukisema "uzee" tunamaanisha zaidi hilo la pili. Mnyama ambaye hatari yake ya kufa haibadiliki mwaka hadi mwaka hazeeki kwa maana yetu, hata kama hatari yenyewe ni kubwa na anakufa mapema.

Aliyetufungua macho ni Benjamin Gompertz, Mwingereza aliyekuwa akishughulika na mahesabu ya bima ya maisha. Mwaka 1825 alionyesha kwamba kwa watu wazima hatari ya kufa haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa kuzidisha: kila baada ya muda ule ule inakuwa maradufu. Kwa binadamu muda huo wa kujirudufu ni kama miaka 8. Kwa panya wa maabara ni kama miezi mitatu hadi minne, na kwa nzi wa matunda ni wiki moja hadi mbili. Ukichora hatari hiyo kwa kipimo cha logi (ambacho kila hatua ya kupanda ni kuzidisha, si kujumlisha) dhidi ya umri, unapata mstari ulionyooka. Pale mstari unapoanzia ni hatari ya mwanzo. Mteremko wake ndio kasi ya kuzeeka.

Sasa nipe dakika chache tufanye hesabu ya makundi matatu ya panya wa kubuni. Kundi la kwanza, mara tu baada ya kukomaa, lina hatari ya kufa ya asilimia 1 kwa mwezi, nayo inajirudufu kila miezi 4. Ukiifuata hesabu hadi mwisho, nusu ya panya hawa watakuwa wamekufa kufikia karibu mwezi wa 15 tangu kukomaa. Kundi la pili linaanza na nusu ya hatari hiyo, yaani asilimia 0.5, lakini inajirudufu vilevile kila miezi 4. Hapa nusu yao wanafika mwezi wa 18 na nusu. Kundi la tatu linaanza na asilimia 1 kama la kwanza, ila hatari yake inajirudufu kila miezi 5 na robo tatu. Nusu yao wanafika wapi? Mwezi wa 18 na nusu.

Hebu tulia hapo kidogo. Makundi mawili ya mwisho yamevuka nusu kwa wakati mmoja. Ukiripoti umri wa kati peke yake, yaani umri ambao nusu wamekufa, msomaji hawezi kuyatofautisha, na dawa zote mbili zinaonekana zimefanya muujiza ule ule. Lakini kundi la pili limezeeka kwa kasi ile ile ya kundi la kwanza. Limesogezwa tu nyuma kwa miezi 4, kwa sababu kukata hatari nusu katika kila umri humpa mnyama kipindi kimoja cha kujirudufu na hakuna zaidi. Kundi la tatu ndilo pekee lililochelewa kuzeeka. Tofauti inajitokeza mkiani, yaani kwa wale wa mwisho kufa. Tisa ya kumi ya kundi la pili wamekufa kufikia mwezi wa 25 hivi. La tatu linakokota mpaka karibu mwezi wa 28.

Usidhani haya ni mambo ya karatasi tu. Wanawake katika nchi nyingi wana hatari ndogo ya kufa kuliko wanaume wa umri wao karibu katika kila umri wa utu uzima, lakini mistari yao inapanda kwa kasi zinazokaribiana. Waaustralia waliozuiliwa kwenye kambi za Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili walikufa kwa wingi mno kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Hata hivyo, hesabu zilipopigwa, muda wa kujirudufu ulikuwa karibu ule ule. Mateso yaliuinua mstari mzima bila kuubadilisha mteremko.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii ni la nzi, lilitoka mwaka 2003 kwenye kundi la Linda Partridge huko London. Walijua tayari kwamba nzi wa matunda wakipunguziwa chakula huishi zaidi. Wengi tungeishia hapo na kushangilia. Wao wakauliza: je, njaa ile inazuia uchakavu usijikusanye, au inapunguza tu hatari ya leo? Wakachukua nzi waliokuwa wakila kwa shibe tangu utotoni, wakawapunguzia chakula ukubwani. Ndani ya siku mbili hatari yao ya kufa ilishuka hadi kufikia ile ya nzi waliokuwa wamebanwa chakula maisha yao yote. Ukiwarudishia shibe, inapanda tena. Yaani miili ya nzi hao haikukumbuka shibe ya jana wala njaa ya juzi. Kisha wakafanya vivyo hivyo kwa joto. Nzi waliokaa kwenye nyuzi 27 za Selsiasi wakahamishiwa kwenye nyuzi 18 hawakufutiwa deni: hatari yao ilianza kupanda polepole kuanzia pale, lakini ilibaki juu ya wale walioishi kwenye baridi siku zote. Baridi iligusa mteremko. Chakula kiligusa hatari ya sasa. Wastani wa umri ulipanda kwa vyote viwili, na wastani usingekuambia lolote kuhusu tofauti hiyo.

Kwa hiyo chukua data zenu ufanye hivi kabla ya kuonana na msimamizi wako. Kata umri wa panya vipande vya mwezi mmoja mmoja. Kwa kila kipande, gawa waliokufa kwa waliokuwa hai kipande kilipoanza; walikuwa 40, wakafa 4, andika asilimia 10. Chora kwa logi, kundi la dawa na kundi linganishi (lisilopewa dawa) kwenye mchoro mmoja. Mistari ikienda sambamba, dawa imepunguza hatari. Ikianza pamoja na kuachana kadiri umri unavyokwenda, hapo una haki ya kuanza kunong'ona neno "uzee".

Kunong'ona, nimesema, maana mteremko nao hudanganya. Mwaka 1860 William Makeham aliongeza kitu kwenye kanuni ya Gompertz: vifo ambavyo havijali umri. Ajali haina kinga, na kwenye vizimba ajali ni maambukizi, ugomvi, mfumo wa maji uliokatika usiku. Vifo hivi huonekana zaidi kwa wanyama vijana, kwa kuwa wakati huo hakuna kingine kinachowaua. Vinainua mwanzo wa mstari, na ukilazimisha mstari mmoja ulionyooka upite katikati ya nukta zote, mteremko unalala. Matokeo yake ni kichekesho: maabara chafu inaonekana ina panya wanaozeeka polepole. Isafishe, panya waishi zaidi, na hesabu itakuambia sasa wanazeeka haraka! Nimeletewa michoro ya namna hiyo na watu wazima wenye shahada zao, wakitaka niwaelezee "ugunduzi".

Na wanyama wakiwa wachache, mwanzo wa mstari na mteremko wake huvutana: kompyuta ikipandisha kimoja kidogo, inashusha kingine, na mistari miwili tofauti kabisa inapita vizuri katikati ya nukta zile zile. Hujaniambia mna panya wangapi. Kama ni 50 kwa kila kundi, kumbuka kwamba asilimia 10 ya mwisho ni panya watano. Watano hao ndio wanaobeba madai yote kuhusu mkia.

Hata ukiwa na wanyama wengi, mkia una vituko vyake. Mwaka 1992 James Carey na wenzake walichapisha hesabu ya inzi wa matunda wa Mediterania zaidi ya milioni 1.2, waliofuatiliwa mpaka wa mwisho. Katika umri mkubwa kabisa hatari ya kufa iliacha kupanda kama Gompertz alivyotaka, ikatulia, hata ikashuka. Sehemu ya maelezo ni rahisi: wadhaifu hutangulia, wanaobaki ni wagumu, kwa hiyo kundi la wazee si kundi lile lile lililoanza. Mnyama mmoja mmoja anaendelea kuchakaa huku wastani wa waliobaki ukionekana umepumzika.

Jambo la mwisho kwako, na hili usilisahau mbele ya msimamizi: muulize panya wenu wamekufa kwa nini. Panya wengi wa maabara hufa kwa saratani, hasa ya tezi za limfu. Dawa inayozuia uvimbe itarefusha maisha ya panya bila hata kugusa macho, misuli au figo zao. Rapamaisini ndiyo mfano unaojulikana. Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zilizofanya kazi kwa utaratibu mmoja zilitangaza kwamba panya walioanza kupewa wakiwa na siku kama 600, wazee tayari, waliishi zaidi: umri ambao asilimia 90 wamekufa ulisogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume. Ni matokeo mazito, na hayabishaniwi. Lakini mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walipima panya wa dawa hiyo viungo kwa viungo, wakaona kwamba mengi yaliyoonekana kuwa "ujana uliorudi" yalitokea pia kwa panya vijana waliopewa dawa. Kitu kinachombadilisha kijana na mzee kwa kiasi kile kile hakijapunguza kasi ya safari kati yao.

Andikeni hivi: "Panya waliopewa dawa waliishi zaidi." Ni kichwa kizuri, na kina faida moja kubwa, kwamba ni kweli.

SWALI: Dada, habari za kazi. Ninafuga minyoo na panya kwa ajili ya utafiti, mimi si mtu wa hesabu. Wapo wanaopotea, wapo wanaopigana wakauana, wapo tunaowasaidia kufa kwa sababu wanateseka. Wote hawa ninawaandika wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Wewe ndiye unayeshika ukweli wote wa fani hii mkononi, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Aliyepotea hajafa. Mnyoo aliyepanda ukuta wa sahani akatoweka, au panya aliyechukuliwa kwa jaribio jingine, mwandike "ametoka" na tarehe yake. Tangu Edward Kaplan na Paul Meier walipochapisha njia yao mwaka 1958 tunajua la kufanya naye: anahesabiwa hai mpaka siku ile, kisha anaondoka kwenye idadi tunayogawanyia. Kumfuta kabisa ni kosa, maana ushahidi kwamba aliishi mpaka hapo unapotea. Kumwandika amekufa ni kosa baya zaidi.

Kwa waliouana, iandike sababu na uniachie mimi uamuzi, ila uandike kwa makundi yote mawili kwa jicho lile lile. Hapa ndipo watu wakubwa hukosana. Kima wa jamii ya rhesus walipunguziwa chakula kwa miaka mingi katika tafiti mbili za Marekani. Ya Wisconsin, mwaka 2009, iliripoti kwamba waliopunguziwa walikufa kidogo kwa magonjwa ya uzee. Lakini vifo vya dawa ya usingizi, majeraha na kadhalika viliwekwa kando, na vilipojumlishwa vyote tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika. Mwaka 2012 ile ya taasisi ya taifa ya uzee ikasema haikuona maisha marefu zaidi. Mwaka 2014 Wisconsin wakarudi na vifo zaidi, safari hii tofauti ikaonekana hata kwa vifo vyote. Miaka ile ya katikati watu walibishana kweli kweli, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa swali lako: kifo hiki ni cha uzee, au ni cha bahati mbaya? Mnyama mzee hufa kwa dawa ya usingizi kwa urahisi kuliko kijana. Mimi huonyesha hesabu zote mbili, vifo vyote kwanza, vilivyochujwa baadaye.

Kuhusu minyoo, yapo mayai yanayoanguliwa ndani ya mama na kumuua. Wengi huwaandika hao "ametoka". Sawa, ila kama dawa yenyewe ndiyo inayosababisha jambo hilo, kuwatoa kunaficha madhara yake. Hesabu wangapi wametoka hivyo katika kila kundi.

Na panya unaowasaidia kufa: andika tarehe, kisha andika ulichokiona. Amejikunyata, manyoya yamesimama, uzito umeporomoka, hafikii tena maji. Anayeamua asijue kizimba kipi kina dawa. Mtu anayeitakia mema dawa humvumilia panya wake siku mbili zaidi bila hata kujitambua.

Ombi langu la dhati ni moja. Nikifungua faili la vifo huwa naangalia kwanza siku za wiki, na mara nyingi nakuta Jumatatu inaua kuliko siku zote. Jumatatu haina ubaya wowote. Jumamosi na Jumapili hakuna aliyefungua vizimba. Kwa panya anayeishi miaka miwili si hoja kubwa. Kwa nzi, ambaye hatari yake inajirudufu kwa wiki moja au mbili, siku mbili za kutoangalia zinachafua mchoro.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesoma kwamba yupo fuko asiye na manyoya ambaye hazeeki. Ni kweli, au waandishi wametia chumvi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Chumvi ipo, lakini chakula kipo pia. Fuko huyo, anayetokea pande za Kenya, Ethiopia na Somalia, ana ukubwa wa panya wa kawaida, na kwenye vizimba ameishi zaidi ya miaka 30. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, Rochelle Buffenstein akiwa mmoja wao, walichapisha kumbukumbu za fuko zaidi ya 3,000. Baada ya kukomaa, hatari yao ya kufa ilikuwa kama 1 kwa 10,000 kwa siku, na haikupanda pamoja na umri. Mstari wa Gompertz umelala chali! Kwa maana niliyompa yule mwanafunzi hapo juu, huku ni kutozeeka.

Chumvi ni hii: wengi kati ya fuko hao hawakufa wakihesabiwa. Walikuwa hai bado, au walikuwa wametolewa kwa utafiti mwingine. Katika umri mkubwa nukta ni chache, na nukta chache haziwezi kutofautisha mstari uliolala na mstari unaopanda taratibu mno. Na hatari ya kufa kutopanda hakumaanishi kila kiungo kimebaki kama kilivyokuwa. Mimi naamini mstari huo mpaka kwenye umri wa makamo. Huko mbele nasubiri vifo zaidi, kwa heshima zote kwa fuko.

SWALI: Ukipewa ripoti ya dawa ya kurefusha maisha ya panya na una dakika moja tu, unaangalia nini?

JIBU: Naangalia kundi ambalo halikupewa dawa. Panya wa aina za kawaida wanaotunzwa vizuri huishi karibu siku 900, miaka miwili na nusu hivi. Kama kundi linganishi limekufa kwa wastani likiwa na siku 700 na dawa "imewafikisha" wenzao 850, siisomi kurasa zilizobaki kwa msisimko. Dawa hiyo huenda imewatibu panya ugonjwa wa maabara ile, au imewazuia kunenepa kupita kiasi, na kwa wastani panya wake hawakufika pale ambapo panya wa jirani mwenye afya anafika bila dawa yoyote. Dakika ikibaki, natafuta jedwali la vifo lenyewe. Nikilikosa, nawaandikia waandishi niliombe, na kasi ya majibu yao nayo hunifundisha mengi.